Aliyeokotwa Jaani

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nyuma ya soko la Kariakoo palikuwa na jaa ambalo hadi leo nikilikumbuka roho hunichafuka. Matumbo ya samaki, nyanya zilizooza, panya waliokufa, vyote vilitupwa pale, na nzi wake walitufuata mpaka kwenye sahani za wali. Mtu akiniambia mji wa enzi za Mwingereza ulikuwa safi, namwacha aseme.

Mama yangu alikuwa amezika watoto wote waliokuja baada yangu. Alipojifungua tena, mtoto wa kiume, bibi yangu alisema huyu hatabaki ila mauti yadanganywe. Ndiyo ilikuwa mila: mtoto atupwe jaani kama takataka, kisha apite mtu wa nyumba nyingine amwokote. Aliyemwokota ndiye mamaye. Aliyemzaa atapewa amnyonyeshe tu. Kazi ya kuokota alipewa jirani yetu, Bi Zena.

Siku ya saba asubuhi, Bibi alimlaza mdogo wangu juu ya kipande cha gunia, katikati ya uchafu ule, wakaondoka yeye na Mama bila kutazama nyuma. Mimi nilikuwa nimewafuata kwa kujificha. Bi Zena alikuwa bado kwake anajifunga kanga. Nikaona nzi wamemjaa mtoto machoni na mdomoni. Nilitapika palepale, kisha nikaingia kwenye uozo ule miguu mitupu, nikamwokota.

Bibi aliponiona naingia naye uani hakunipiga. Alikaa chini.

"Umemrudisha," alisema. "Nyumba imeokota chake yenyewe."

Mama alilia, akasema kumtupa tena hawezi. Wakanong'onezana mpaka adhuhuri, ndipo Bi Zena akaja kunichukua, mimi na mkeka wangu. Kwa kuwa aliyeokota lazima awe wa nje, basi nilifanywa wa nje.

Nilimwuliza Mama nitarudi lini.

"Mimi si mama yako," alisema, akimtazama mtoto. "Mama yako ni Bi Zena. Mwamkie."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa.

Bi Zena alinilea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini kila asubuhi nilipita mlangoni kwa Mama nikamwamkia kama mtoto wa jirani, naye akaniitikia kama jirani, mpaka alipokufa. Siku hizi nawasikia watu wakizisifu mila za wazee wetu, kwamba tulikuwa tunapendana. Tulipendana, ndiyo. Mimi zinanitia kinyaa.

Mdogo wangu aliishi. Walimwita Jaa, na leo ni mzee wa kanzu nyeupe na wajukuu. Hajawahi kuniita dada. Kila Idi huja, hunibusu mkono na kusema, "Shikamoo, mama." Namwitikia marahaba. Akishaondoka nakwenda kunawa kwa sabuni, na harufu ya samaki haitoki.