Wafo za Mkunga

Wakwe wa binti yake walipomtembelea mara ya kwanza, shangazi yangu, mkunga mstaafu, aliwapikia wafo, zile keki bapa za vishimo. Alipiga ute wa mayai kwa mkono mpaka ukasimama. Mimi, kwa haraka, nikazipanga zikiwa moto, moja juu ya nyingine, zikalegea kwa mvuke.

“Tuwapelekee tu, shangazi. Hawatajua.”

“Na mimi, mwanangu, nisijue? Hizo ulizozilaza kama wagonjwa watatu kitanda kimoja utakula wewe.”

Akavunja mayai mengine. Wakwe walisubiri nusu saa. Safari hii kila moja ililazwa peke yake juu ya wavu wa waya ipoe, na mezani zilivunjika kwa mlio mdomoni.

Aliwaomba radhi kwa kuchelewa. Mimi hakunitaja.