Nyota za Mchapaji

Marehemu mchapaji hakurukwa na akili. Mtaani wanasema kwamba baada ya kiharusi alishinda akichora nyota ubaoni kama mtoto wa chekechea, na kwamba alipomkabidhi bintiye duka la uchapaji hakujua analofanya. Mkewe, aliyemuuguza tangu mwanzo hadi mwisho, anajua vingine.

Nyota zile hazikuletwa na maradhi. Kazi zote za dukani alizipanga kwenye kompyuta, katika programu ya zamani ya maandishi matupu. Nyota moja mbele ya mstari ni kichwa cha habari. Nyota mbili, jambo lililo chini yake. Kisanduku kitupu ni kazi inayongoja. Kikitiwa X, imekwisha. Baadaye alama hizo zilihama kompyuta zikaingia nyumbani, hadi kwenye karatasi ya sokoni.

"Baba watoto," mkewe alimtania, "hata vitunguu vina kichwa cha habari?"

"Vinacho, mama. Na kisanduku chake bado kitupu."

Kiharusi kilimnyang'anya ulimi na mkono wa kulia. Akabaki na ubao mweupe, kalamu na mkono wa kushoto. Sentensi ndefu zilimshinda; nyota hazikumshinda.

Ndipo mdogo wake, aliyelitaka duka, alipoleta daktari sebuleni. "Dokta, jionee mwenyewe. Huyu ataamuaje nani ashike duka?"

"Taratibu, shemeji," mkewe alisema. "Masikio bado anayo."

Daktari akamuuliza mgonjwa duka amempa nani. Kalamu ikatambaa polepole:

* Duka
** Binti
- [X] funguo
- [ ] mdogo wangu anyamaze

"Si mnaona?" mdogo mtu akasema, bila hata kusoma. "Nyota tupu."

Binti hakubishana. Aliunakili ubao kwenye simu yake, alama kwa alama, katika programu inayozitambua alama hizo, ambayo baba yake hakuwahi kuigusa. Nyota zikageuka vichwa vya habari, jina la binti likakaa chini ya duka, visanduku vikajipanga, kimoja kikiwa na tiki. Akampa daktari simu.

Daktari akasoma, akakohoa kuficha kicheko. "Mzee amepanga mambo yake kuliko mimi. Ila kuna kazi moja haijakwisha."

Akamwonyesha mdogo mtu. Huyo akafungua kinywa, akakifunga. Mgonjwa akasubiri kidogo, kama anayetaka kuhakikisha, kisha akainua mkono wa kushoto akatia X.

Daktari akaandika kwamba akili zake ni timamu, akatia sahihi.

Sasa mwenyewe amezikwa, na maneno yameanza upya. Mtaa mzima unajua yanatoka mlango gani. Mjane alimwita shemeji yake jikoni, akafunga mlango. Alichomwambia kimebaki jikoni. Wanaouliza wasijisumbue kurudi, kwa sababu hatakisema.