Siku Niliyomnyima Chifu Shikamoo

Niliishia kidato cha nne, nikabaki Mlalo kulima karoti na kuota ndoto zangu. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa binti mkuu katika mchezo wa kuigiza kule Lushoto mjini, nilicheka peke yangu barabarani kama chizi.

Mchezo wenyewe ni wa zamani kidogo. Ulipotoka uliwashtua watu, maana ndani yake binti anasimama mbele ya chifu na kumnyima salamu. Mwongozaji wetu, dada mmoja kutoka Tanga, alitaka kuufufua kwa vivuli. Alitundika shuka kubwa jeupe, akaweka taa kali kwa nyuma. Matenga matupu ya matunda yakipangwa mbele ya taa yanakuwa milima yetu hii hii. Majani ya mgomba yanakuwa msitu unaotikisika. Jamani, nilikuwa sichoki kutazama!

Tabu ilikuwa chifu. Aliyemwigiza ni baba yangu mdogo. Kila kivuli chake kilipotokea na yeye akakohoa, mdomo wangu ulinitangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," naye anajibu huko huko nyuma ya shuka.

Wenzangu hoi kwa kicheko.

"Wewe umekuja kuigiza au kusalimia ukoo?" dada aliniuliza. Siku ya mwisho ya mazoezi hakutania tena. "Kesho ukimwamkia mbele ya watu, mchezo wote umekufa."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kivuli cha baba mdogo kikapanda mpaka darini, kikaifunika milima yote. Akakohoa. Nikauma ulimi.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akashindwa kuvumilia.

"We mtoto! Humwoni mtu mzima? Mwamkie!"

Machozi yalinilenga. Nikabaki nimesimama pale mbele ya shuka.

Ndipo baba mdogo akaanza kuiacha taa na kulisogelea shuka. Mazoezini hatukuwahi kuvuka salamu, kwa hiyo hata mimi nilikuwa naona kwa mara ya kwanza. Kila hatua kivuli kikasinyaa, mpaka akabaki mtu wa kimo changu, mabega yameinama kama ya mkulima yeyote anayetoka shamba.

"Heee!" bibi akashika mdomo. "Kumbe mtu tu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nilitakiwa kukaza uso, lakini wapi! Meno yote nje.