Masizi ya Saa ya Mchana

Wiki tatu nzima nilikuwa mwanasayansi kati ya saa saba na saa nane mchana. Saa zilizobaki nilikuwa karani wa leza katika duka la kuchonga vikombe vya zawadi na mbao za majina, hapa mtaani Kamwokya.

Yote nilikuwa nimejifunza kwenye simu. Unachukua utepe wa plastiki wa rangi ya asali, ule ambao mafundi wa simu hubandika ili sakiti zisiungue, unaupiga leza kwa mapigo mafupi mafupi, na joto la ghafla linafukuza karibu kila kitu kwenye plastiki hiyo isipokuwa kaboni. Kaboni inayobaki hujipanga katika matabaka membamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Hiyo ndiyo grafini, na umeme hupita humo. Mama mwenye duka, Mkongomani mwenye subira nyingi kuliko ninavyostahili, aliniachia mashine wakati wateja wanakula.

Kilichoninyima usingizi ni Ijumaa. Fundi wa maabara ya chuo kimoja, mwanajeshi mstaafu aliyemfahamu baba yangu tangu kambini Makindye, alikubali kupima kipande changu kimoja. Kikipitisha umeme, ningeingia maabara kila Jumamosi, mimi nisiye na cheti chochote. Kisipopitisha, basi.

Hakuna kilichopitisha. Nilipima kila kipande kwa mita ya umeme ya kuazima. Nikaongeza nguvu ya leza, nikapunguza, nikabadili kasi, nikaandika yote kwa kalamu za rangi nne. Ukurasa ukiingia kosa, niliunakili upya. Nililaumu umeme wa mtaa, utepe, hata jasho la vidole vyangu.

"Profesa," Mama aliniuliza, "unachoma plastiki ao unachoma kichwa yako?"

"Karibu nitapata, Mama."

"Unasema vile tangu juzi ya juzi. Kula kwanza."

Ijumaa nilibeba kipande bora kuliko vyote, kimefungwa kwenye karatasi laini kama pete ya uchumba. Fundi alikigeuzageuza dirishani, akagusisha ncha za mita. Namba haikutokea.

"Binti, ile nyeusi iko wapi?"

"Nyeusi gani, afande?"

"Leza ikipiga hii kitu, si inatoka nyeusi?"

"Ah, masizi! Nilipanguza yote kwa spiriti. Mara tatu." Nilisema hivyo kwa fahari, Mungu anisamehe.

Dukani kwetu kazi haitoki bila kupanguzwa. Leza ikiandika kwenye ubao huacha masizi, na kumpa mteja ubao wenye masizi ni kumtukana. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe. Na kwa kuwa nilisoma kwamba grafini haionekani kwa macho, niliamini iko chini ya uchafu, inangoja nisugue zaidi.

Afande alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo nyeusi ndiyo yenyewe! Wewe unapanguza kazi, halafu unaniletea plastiki."

Nilianza kuomba msamaha: kwake, kwa mita, kwa utepe.

"Nafunga saa kumi na moja," akanikatiza. "Kimbia, letea mimi chafu."

Boda ilinirudisha dukani. Kupiga leza kulichukua dakika chache. Kilichonishinda ni kuacha bila kupanguza. Kipande kilitoka cheusi tii kama sufuria ya mkaa, mstari umekwenda upande, utepe umeingia mapovu kwa haraka yangu. Mama aliona mkono wangu ukienda kwenye chupa ya spiriti. Akaichukua, akaikumbatia kifuani.

"Enda, weye! Enda!"

Safari hii, kule maabara, namba ilitokea kwenye mita, ikatulia.

"Kesho saa tatu asubuhi," afande akasema. "Usichelewe."

Badala ya kushukuru, nilisikia mdomo wangu ukimweleza kwamba mstari umekwenda upande, na kwamba akinipa nusu saa tu nitamletea mwingine ulionyooka. Alikitia kipande changu kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akanionyesha mlango.