Mshono Nilioufuta

Miaka kumi na moja nimechomelea mageti Kiwalani, na hakuna hata moja lililorudishwa. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira haijaniisha.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mtu mzima, mkali, asiye na cheti cha aina yoyote. Mwaka wa kwanza sikugusa umeme. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya. Sharti lake lilikuwa moja: mteja asione chuma kilipoungana. Ukimaliza kuchomelea, unasaga kwa grenda mpaka kidole kipite bila kukwama.

"Geti lina makovu, nani atalitaka?" alikuwa akifoka. "Mie sitaki aibu."

Kisha ghala kubwa likaanza kujengwa Gongo la Mboto, wakatafuta wachomeleaji wa kuajiriwa, wenye bima na likizo. Nikaenda. Msimamizi akatazama picha za mageti yangu kwenye simu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Braza, kazi unaijua. Ishu ni cheti. Kilete kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi yako ipo."

Kuna chuo cha ufundi kinachowapa mtihani watu waliojifunzia mtaani kama mimi. Wakataka barua ya serikali ya mtaa. Nikaipeleka. Wakataka picha ndogo. Nikarudishwa kwa kuwa nyuma yangu palikuwa peupe badala ya bluu. Wakataka barua ya aliyenifundisha.

"Niandike nini?" fundi akaniuliza. "Mageti si yapo, wakayaone!" Nikaiandika mwenyewe, yeye akatia saini.

Siku ya mtihani tulipewa vipande viwili vya chuma tuviunganishe. Ukutani palibandikwa maelekezo. Sikuyasoma. Nilijiambia, mtu wa miaka kumi na moja kazini asome nini? Nikachomelea taratibu, mshono ukatoka mnyoofu, sijawahi kutoa mzuri kama ule. Halafu, bila hata kufikiri, nikachukua grenda nikausaga mpaka ukang'aa.

Mtahini akapitisha kidole. "Mshono uko wapi?"

"Ndio huo, mwalimu. Hauonekani."

"Mimi nilitaka kuuona. Nitapimaje kitu ulichokifuta?" Akaninyooshea kidole ukutani. Mstari wa tatu: usisage mshono.

Nilimbembeleza anipe vipande vingine. Akakataa. Mtihani mwingine ni baada ya miezi mitatu, na ghala halinisubiri. Nilijilaani njia nzima, nikamlaani na fundi, kisha nikaona haya kumlaani.

Kesho yake nikarudi karakana kwa fundi. Nikachomelea geti la mteja wa Boko, nikauacha mshono mmoja kama ulivyotoka. Nilitaka tu kuutazama. Fundi akapita, akapapasa, kidole kikakwama.

"Hapa umesahau," akasema, akachukua grenda mwenyewe.