Darasa la Mtu Mmoja

Wanafunzi wake walimwita Ikweta, kwa sababu alifundisha jiografia na mkanda wake ulilizunguka tumbo katikati kabisa. Alilijua jina hilo na wala hakulichukia. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mke, na binti wa darasa la sita, siku mkuu wa shule alipomwita ofisini.

"Mwalimu, tumepata nafasi moja ya kusomea ukutubi wa shule. Maktaba yetu imegeuka ghala la viti vibovu, na hapa anayependa vitabu ni wewe."

"Muda gani?"

"Mwaka mmoja na nusu. Stashahada ya uzamili."

Mkewe alikubali hata kabla hajamaliza kueleza. "Nenda, baba. Sisi tupo," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Wiki ya kwanza chuoni walikuwa wanafunzi wanne. Ya pili, mmoja hakuonekana tena, na wawili wakahamia utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, ambako walisema ajira ziko nje nje. Wiki ya tatu Ikweta aliingia darasani saa mbili kamili akakuta viti arobaini, mtu hakuna. Akadhani amekosea chumba.

Mhadhiri akaingia, mama mwembamba wa miaka sitini hivi ambaye chuo kizima kilimwita Daktari. Alifungua daftari la mahudhurio, akamwita Ikweta kwa majina yake yote matatu.

"Nipo."

Akaita na wale watatu wengine, akingoja kidogo baada ya kila jina. Kisha akafunga daftari. "Haya. Leo tunaainisha vitabu." Akafundisha kwa saa mbili akiwa amesimama, kwa sauti ya kuwafikia watu wa nyuma.

Ikawa hivyo kila siku. Hapakuwa na wa kumnong'oneza jibu, wala wa kumteta mhadhiri pamoja naye. Siku moja Daktari alitoa kazi ya kundi la watu wanne.

"Daktari, niko peke yangu."

"Basi gawaneni vizuri."

Hakujua kama anataniwa. Akaifanya yote.

Alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani: kitanda, meza, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Jumatatu moja alipoitikia "nipo", sauti ilitoka ikikwaruza. Ndipo alipong'amua kwamba hakuwa ameongea na mtu yeyote tangu Ijumaa mchana.

Mwanzoni binti yake alikuwa akimpokonya mama yake simu amsimulie baba habari za shule, kuanzia kengele ya asubuhi. Miezi ilivyokwenda, habari zikafupika. "Shikamoo baba. Shule nzuri. Mama huyu hapa."

Mwezi wa tisa wa masomo, siku ya Jumanne, Daktari hakutokea. Ikweta alisubiri hadi saa nne, akaenda kuuliza kwa karani.

"Hajatoa taarifa," karani alisema. "Kwani darasa lenu lina watu wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa si uende zako ukapumzike?"

Jumatano vilevile. Alhamisi akaomba aelekezwe nyumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Daktari alikuwa amekaa, mguu umefungwa plasta ngumu; alikuwa ameteleza bafuni. Viti vyote vya sebuleni vilijaa vitabu, isipokuwa kile alichokalia yeye.

"Umechelewa," alimwambia. "Kipindi kilikuwa Jumanne."

"Pole sana, Daktari. Mbona hukutoa taarifa?"

"Ningempa nani?"

Ikweta akatua vitabu sakafuni, akaketi. Kwa wiki sita walisomea pale. Yeye alichemsha chai, Daktari akafundisha mguu ukiwa juu ya stuli. Siku moja alimuuliza, "Nyumbani wanasemaje?" Ikweta akajibu, "Wako salama." Daktari akafungua ukurasa mwingine.

Alifaulu. Mwaka huohuo chuo kikaifunga kozi ile, na Daktari akastaafu, akahamia kwa mdogo wake, mbali.

Ikweta alirudi nyumbani na begi lake. Binti, aliyekuwa amerefuka kumfikia mama yake begani, alimsogezea kiti. "Karibu baba, kaa hapa. Jisikie uko nyumbani." Mkewe akacheka. Naye Ikweta akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Likizo nzima alitoa viti vibovu, akagundisha migongo ya vitabu, akabandika namba. Meza yake katika ofisi ya walimu alikuwa amepewa mwalimu mpya wa jiografia, kwa hiyo chakula cha mchana akawa anakulia maktabani. Wiki ya kwanza walioingia walikuwa wawili, wote wakiulizia viti. Kisha wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengi wao wakikimbia jua. Hadi muhula unakwisha, vitabu vilikuwa vimeazimwa mara mia mbili na sita. Aliandika ripoti ambayo hakuna aliyemwomba, nakala akampelekea Daktari kwa posta.

Baada ya wiki tatu bahasha ilifika. Ndani mlikuwa na ripoti yake mwenyewe, imesahihishwa kwa wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Namba moja ya uainishaji ilikuwa imekosewa. Mwishoni Daktari alikuwa ameandika: "Mengine mazuri. Siku hizi natembea bila fimbo. Muhula ujao leta nyingine."

Aliisoma akiwa amesimama. Halafu akaenda rafuni, akakitafuta kile kitabu chenye namba isiyo sahihi, akaanza kuibandua taratibu kwa ukucha.