Gunia la Maji Juu ya Beringi

Miaka mingi, kwenye kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Arua, mashine ikiumwa niliitwa mimi. Shule niliachia darasa la pili kule Midia, lakini nikiweka kiganja juu ya beringi inayoshika shafti najua kama itafika jioni. Bosi aliwaambia wageni, "Huyu mzee ndiye daktari." Siku za wageni nilivaa shati safi, sifichi.

Kisha akaletwa binti mmoja, fundi wa kompyuta. Akabandika kidude cha kupima joto kwenye kila beringi, namba zikawa zinaingia kwenye kioo cha kompyuta ofisini. Zikipanda kupita kawaida, kengele inalia. Juma la kwanza ikalilia mota ambayo kiganja changu kiliipitisha kuwa nzima. Wakafungua, gololi zimeanza kuchubuka. Bosi akampa binti mkono. Mimi nikaambiwa nifagie mashudu. Niliona wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake. Marehemu mama watoto alikuwa mke mkubwa. Nimemwelewa nikiwa nimechelewa.

Sasa, sisi wa zamani beringi ikichemka tunaifunika gunia la maji, lililoloweshwa, ipoe mpaka kazi iishe. Asubuhi moja beringi ya kinu kikubwa ikachemka, nikaifunika kama kawaida. Gunia likakifunika na kile kidude cha binti.

Binti akatazama kioo. "Hii iko baridi kabisa. Iko sawa."

Nikapenyeza mkono chini ya gunia: moto. Nikautoa, nikarudi kwenye ufagio wangu. Moyoni nikasema, leo kioo kitadanganya, watanirudia mimi.

Mchana beringi ikakwama, shafti ikakatika. Wakulima waliotoka Abuku na alizeti yao wakarudi nayo.

Binti akaliona gunia. "Baba, nani aliweka hii?"

"Mimi."

"Ulijua iko na moto?"

Nikaliondoa gunia, nikalikamua maji. Bosi akafika anafoka, "Kompyuta yako hiyo ni ya kuchezea?"

"Kosa iko yangu, bosi," binti akasema. "Nilikaa na namba tu. Sikuuliza watu wa hapa wanapoza beringi namna gani."

Bosi akageuka kuondoka. Nikamwita. Nikamwambia mkono wangu ulijua tangu asubuhi, na nilinyamaza makusudi.

Watu husema nilionyesha uungwana. Uungwana gani! Alishanishinda kwa kazi. Sikutaka anishinde na kwa roho nzuri.